Aliyegonga Paipu Gitothua

Ukitaka kucheka, cheka sasa umalize, halafu unisikilize. Haya ninayokueleza sikuyasikia kwa kinyozi, wala sikutumiwa kwenye simu. Yalinipata mimi mwenyewe, huko Gitothua, Ruiru, tena mchana. Ndiyo, mchana! Watu wakisimulia mambo kama haya lazima waweke usiku, mbwa abweke, stima zipotee. Hiki kisa changu hakina hayo. Kulikuwa tu na baridi ya Julai, ile ya huku kwetu ambayo jua halionekani wiki nzima na nguo zinakaa kwenye kamba bila kukauka. Mengine yote yalikuwa ya kawaida kabisa, na hilo ndilo linanisumbua mpaka leo.

Kazi yangu ilikuwa kutafuta maji yanatorokea wapi. Sisemi bomba la jikoni. Nasema mabwawa ya kuogelea, ya hoteli na ya manyumbani, na vile vidimbwi vya samaki ambavyo watu wenye nafasi huweka mbele ya nyumba. Mtu anaamka, anakuta maji yameshuka. Anaongeza, yanashuka tena. Akichoka anatuita sisi, mimi na Wafula.

Wafula ni mtu wa Bungoma, tulikuwa tunaishi naye ploti moja pale Kiandutu, Thika. Mtu mkubwa wa mwili, mdomo haupumziki hata akitafuna. Lakini kuna jambo moja la Wafula nataka ulielewe: haingii majini. Ng'o! Hata yakiwa ya kufika magotini, haingii. Nilikuwa namtania kila siku. "Wewe ni fundi wa pool aina gani, unaogopa maji?"

Naye ananijibu, "Bosi, mimi kazi yangu ni pampu. Samaki ni wewe."

Aliyetuita mara hiyo ni Mwalimu Njoki, mama anayefundisha watoto kuogelea nyumbani kwake. Bwawa liko nyuma ya nyumba, na chumba cha pampu kiko upande wa pili wa ukuta. Maji yalikuwa yanashuka vibaya, mpaka pampu ilianza kuvuta hewa badala ya maji, akalazimika kufunga. Siku ninayokueleza ilikuwa Ijumaa, siku yetu ya pili pale.

"Jumatatu watoto wanarudi, fundi," aliniambia. "Nimeshawaambia wazazi. Tafadhali usiniangushe."

Alikuwa na msichana wake mmoja, Shiku, wa kama miaka tisa. Kale katoto kanaogelea, wacha tu! Mama yake alisema kalijua kuogelea kabla ya kujua kufunga kamba za viatu. Kalituletea chai, kakakaa hapo karibu kuniuliza maswali. "Anko, hii ni ya nini? Anko, maji yanaenda wapi yakitoka?" Nilikapenda. Nilimwambia akae mbali na maji mpaka nimalize, akaenda ndani kufanya homework.

Sasa ngoja nikueleze kidogo vile tunafanya, la sivyo hutaelewa kosa lilikuwa wapi.

Kwanza unaweka ndoo ya maji kwenye ngazi ya juu ya bwawa, unatia alama ndani ya ndoo na nje yake, unaacha mpaka kesho. Ya ndoo yanapungua kidogo kwa sababu hewa inayanyonya. Ya bwawa yakipungua zaidi ya ya ndoo, basi kuna mahali yanavuja. Hiyo tulikuwa tumeifanya Alhamisi, na kweli yalikuwa yanavuja. Pili unazima pampu, maji yatulie kabisa, halafu unaachilia rangi kidogo kidogo karibu na nyufa na taa za chini ya maji. Palipo na tundu, rangi inavutwa. Hiyo pia tulifanya. Rangi ilisimama tu hapo, haikuenda popote.

Ikabaki mapaipu. Wafula anakaa chumba cha pampu, anaziba paipu moja kwa plagi ya mpira na kuisukumia hewa. Mimi niko kwenye bwawa na hedifoni masikioni, nimezamisha kidude cha kusikilizia kwenye maji. Hewa ikitoka mahali, naisikia ikichemka kama sufuria ya chai. Lakini ukiwa na hizo hedifoni husikii mtu, na katikati yenu kuna ukuta. Kwa hivyo tulikuwa na lugha yetu. Wafula akiwa tayari anagonga paipu kwa spana: ko, ko, ko. Yaani, niko kwa hii, sikiliza. Mimi nikimaliza nagonga ile ngazi ya chuma ya kushukia majini: ko, ko. Yaani, nimesikia, nenda nyingine. Tumefanya hivyo miaka, mpaka mkono unajibu wenyewe bila kuuliza kichwa.

Basi Wafula akaenda nyuma. Nikavaa hedifoni, nikapiga magoti, nikangoja.

Ko, ko, ko.

Nikasikiliza. Hakuna kitu. Nikajibu, ko, ko. Hata nikasema kwa sauti, "Sawa, Wafula!" ingawa najua hanisikii. Ni mazoea tu.

Mara hiyo hiyo, ko, ko, ko.

Nikashangaa. Kutoa plagi, kuziba paipu nyingine, kujaza hewa, hiyo si kazi ya kupepesa jicho. Nikasema huyu jamaa leo amekula nini? Nikasikiliza, hakuna kitu, nikajibu. Ikagonga tena. Nikaanza kukasirika, maana mimi sipendi mchezo kazini. Nikakisogeza kile kidude pole pole ili nijue sauti inatoka wapi. Ukikipeleka upande wa pampu, inafifia. Ukikipeleka upande wa kina kirefu, inaongezeka.

Na upande ule, niamini, hakuna paipu. Kuna ukuta wa vigae na mwamba nyuma yake, basi.

Mtu mwenye akili angeacha hapo, sivyo? Angetoa hedifoni, azunguke ukuta, aulize. Lakini ilipogonga tena, mkono wangu uliinua spana ukajibu, ko, ko.

Nikainua macho, nikamwona Wafula ndani ya maji.

Alikuwa amesimama kule kwenye kina kirefu na overoli yake ya bluu, ananitazama. Unajua kitu cha kwanza nilichohisi? Si woga. Hasira! Nikamfokea, "Wewe, umeingiaje huko na nguo? Na Mwalimu akikuona?" Alitabasamu tu. Halafu akanyoosha mkono akaniambia, "Iko hapa. Nimeiona. Njoo uone."

Sasa hebu fikiria. Ni siku ya pili unatafuta uvujaji, rangi imekataa, sauti imekataa, na mama wa watu anakuomba usimwangushe. Halafu mwenzako anakwambia ameuona. Nilifurahi, Mungu wangu. Nikasahau kabisa huyu mtu haingii majini. Nikatia mguu kwenye ngazi ya kwanza, nikatia wa pili, maji yakanifika magotini, baridi inauma mpaka kwenye mfupa. Naye mkono wake bado umenyooshwa. "Njoo. Iko hapa. Njoo uone."

Simu ikatetemeka kwenye mfuko wa shati. Nikainua hedifoni sikio moja, nikaipokea bila hata kuangalia ni nani.

"Bosi, usikasirike," sauti ikasema. "Ile plagi kubwa imepasuka, nimepanda boda mara moja nikuje kutafuta nyingine hapa stage. Hata sijagonga bado. Kunywa chai, narudi sasa hivi."

Ilikuwa Wafula. Sauti yake, kelele ya boda nyuma yake, mtu anataja bei ya ndizi. Na mbele yangu Wafula mwingine.

Ndipo nikaanza kuona vitu ambavyo nilipaswa kuona mapema. Maji ya upande ule yananipita kichwa, na Wafula hanizidi urefu sana. Lakini huyu yalikuwa yamemfika kifuani. Alikuwa amesimama juu ya nini? Na kifuani pale maji yalipoishia, overoli ilikuwa kavu, na maji yenyewe hayakuwa na hata wimbi dogo la kumzunguka. Mdomo wake ulikuwa unaendelea kusema. Lakini kwenye lile sikio lililo wazi sikusikia kitu. Ile "njoo" ilikuwa inatoka kwenye hedifoni peke yake.

Nikarudi nyuma. Nilirudi kinyumenyume, nikateleza, nikajiumiza kiwiko. Naye akashuka. Hakuzama kama mtu anavyozama, hapana, alishuka wima, pole pole, bado ananitazama, mpaka maji yakamfunika kichwa. Maji yalibaki yametulia kabisa. Niliketi kwenye simiti hadi Wafula wa kweli akarudi na plagi mkononi.

Nilimshika nguo. Kavu. Nikamshika mikono, nikamshika uso, mpaka akanisukuma. "Wewe bosi, una nini?"

Nikamwambia. Nilitarajia acheke wiki nzima. Hakucheka.

"Ulimjibu?" akaniuliza.

"Nilijibu. Nilidhani ni wewe."

"Mayi! Mama wee!" Akaweka plagi chini. "Kwetu mtoto anafundishwa hiyo kabla ya kufundishwa kusalimia watu. Ukiitwa na humwoni anayekuita, nyamaza. Ukijibu, ameshakushika."

"Mimi sikuitwa. Niligongewa."

"Na ukaitikia," akasema.

Tulikusanya vitu tukaondoka, ndoo tu ikabaki kwenye ngazi. Kwa Mwalimu tulisema kifaa kimeharibika, tutarudi. Sikujua niseme nini kingine.

Jumamosi asubuhi akapiga simu, na sauti yake ilikuwa ya furaha tupu. "Fundi, Mungu akubariki! Maji hayajashuka hata kidogo. Nimeangalia alama ya ndoo na ya bwawa, ziko sawasawa. Umetengeneza na hukuniambia?"

Sikuwa nimeziba kitu! Sikugusa hata tundu moja. Ni kama mtu aliyekuwa anagonga mlango, ukamfungulia, akaacha kugonga. Nilipanda gari nikaenda hadi kwake, nikamweleza kila kitu kama ninavyokueleza wewe, nikamwomba asifungue Jumatatu.

Mwalimu Njoki alinisikiliza mpaka mwisho, mikono kifuani. "Fundi, mimi nimeokoka," akasema. "Hayo mambo hayana nafasi kwangu. Shindwe!"

"Mama Shiku, sikuambii uamini. Funga tu wiki moja."

"Nilikuambia watoto wanarudi Jumatatu. Sasa maji yametulia, unataka nifunge kwa sababu umeota?"

"Sikuota! Ni watoto wa watu hao! Na wako yumo pia!" Nilipaza sauti, najua nilikosa adabu, na nilikosea pia kupandisha hasira, kwa sababu baada ya hapo hakunisikiliza tena. Aliniambia akina mama wa kanisani watakuja kuombea bwawa Jumapili, na kama nimemaliza, lango ndilo lile.

Nikuambie ukweli, wikendi ile sikula. Wafula alinishauri niache, nimefanya langu. Lakini nitaachaje? Kila nikifumba macho naona kale katoto kakiniuliza maji yanaenda wapi. Jumatatu mchana nikarudi Gitothua. Nilimwambia Mwalimu nimekuja kuangalia pampu inavyofanya. Hakufurahi, lakini akanipa kiti cha plastiki nikae pembeni.

Watoto walikuja. Kelele, vicheko, taulo kila mahali. Mwalimu alikuwa na wadogo upande usio na kina, anawashika tumbo wakipiga miguu. Shiku, kwa vile anajua, alikuwa peke yake upande wa kina kirefu, anazama na kuibuka. Nilimwangalia yeye tu. Nilikuwa nimeanza hata kujiona mjinga. Pengine akina mama wa kanisa walikuwa wamemaliza shida, nani anajua?

Halafu nikamwona ametulia. Ameshika ngazi ya chuma ya upande ule, sikio moja limezama kwenye maji, macho yako mbali, kama mtu anayesikiliza redio iliyo chini sana. Akatabasamu. Akafanya nini? Akakunja ngumi ndogo ile, akagonga ngazi. Mara mbili.

Nikaruka kutoka kwenye kiti. "Shiku! Toka hapo! Shiku!" Mwalimu akageuka kunikaripia. Mtoto alikuwa ameshaachilia ngazi, akaenda chini.

Sikuvua hata viatu. Niliruka vile nilivyokuwa. Chini kulikuwa na mwanga wa kijivu, na nilimwona vizuri. Hakuwa anazama. Alikuwa anatembea. Anatembea chini ya bwawa kuelekea ukuta ule usio na paipu, na mkono wake mmoja ameuinua juu, vile mtoto anavyouinua akishikwa mkono na mtu mzima kuvuka barabara. Kwenye ule mkono sikuona mtu. Maji tu. Lakini nilipomshika kiuno nikavuta, kitu kilivuta upande wa pili, tena kwa nguvu. Nilivuta mpaka nikahisi bega linang'oka. Nikamwita Yesu ndani ya maji, nikayameza. Mara kikaachilia, tukapanda sote wawili.

Mwalimu alikuwa amefika ukingoni, analia, "Ngai! Ngai, mwana wakwa! Mungu, mtoto wangu!" Tulimlaza kwenye simiti. Akakohoa maji, akatapika, akakohoa tena, akaanza kupumua. Watoto wengine wameshikana. Mama yake amempakata, anambusu kichwa, ananiambia asante, asante, fundi nisamehe.

Shiku akafungua macho. Akaniangalia mimi, nimelowa chapachapa mbele yake. Halafu akageuza shingo pole pole akaangalia maji. Akaniangalia tena, na uso wake ukabadilika.

"Anko," akasema, "umetoka saa ngapi? Si tulikuwa na wewe kule chini?"

Akaanza kupiga mayowe. Nilipojaribu kumshika, akazidi. Mwalimu akamkumbatia akanitazama, na lile jicho liliniambia nisimkaribie tena mtoto wake. Nikatoka langoni nimelowa vile vile.

Lile bwawa lilijazwa mawe na udongo wiki hiyo hiyo, na Mwalimu sasa anafundisha kwingine. Wengine wanasema zamani hapo palikuwa na machimbo ya mawe yaliyojaa maji. Labda. Sijauliza, na sitaki kujua. Shiku ni mzima, anasoma, Mungu ashukuriwe, lakini tukikutana njiani anajificha nyuma ya mama yake, na mama yake hamlazimishi kunisalimia. Kazi ya mabwawa niliacha. Siku hizi naweka vigae vya sakafu. Wafula bado ni rafiki yangu, ila kabla ya kunipa mkono ananishika kwanza mkono wa shati, kidogo tu, aone kama umekauka. Anadhani sijui.

Na lingeishia hapo, nisingejisumbua kukueleza. Lakini mwezi uliopita fundi mmoja wa Juja alinikuta sokoni Thika akanilaumu. "Wewe una madharau. Juzi nimekuona kwenye kidimbwi cha samaki kule Kalimoni, umesimama ndani ya maji, nakusalimia, unanionyesha tu mkono nije. Nikaona huyu ameringa, nikaenda zangu." Nilimwuliza kama alisogea. Akasema hapana, alikuwa na haraka. Kalimoni sijafika tangu mwaka jana.

Ndiyo maana jina langu sikutajii, usije ukaliita mahali pabaya. Uso nitakueleza, uushike vizuri. Mimi ni mwembamba, mweusi, nina pengo hapa mbele juu, na kovu linalokata nyusi ya kushoto. Mwambie na mtoto wako. Mimi siingii tena kwenye maji, hata ya mto, hata ya kufika kwenye kifundo cha mguu. Kwa hivyo ukiniona nimesimama majini mahali popote, nakuchekea, nimekunyooshea mkono, usijibu. Huyo si mimi.